Mutumbwi wa Ziwa mu Maji Yenye Kutoka

Bukavu, Nyalukemba
Siku ya Mungu, tarehe 6 mwezi wa kumi 2024

Mpendwa mudogo wangu Adalbert,

Nakusalimia sana, wewe na bibi yako wa ndoa Mwanahawa na watoto wote wa nyumba. Mumeamukaje huko? Kile kifua chako cha kukohoa asubuhi kimepoa? Watoto wanasoma vizuri? Na mukono wako wa kushoto, uko namna gani? Nilitaka kuanza na mukono, lakini ona, nimetanguliza kifua, na sababu yake utaijua mbele kidogo.

Siye huku tuko, Mungu anatulinda. Mvua imeanza kunyesha kweli, matope ya Cimpunda imeshuka mpaka mu barabara na magari inateleza. Sambaza, samaki zetu ndogo za kuuza, inapatikana. Magoti yananiuma wakati wa kupanda, lakini bado napanda mpaka soko ya Kadutu na beseni ku kichwa, na wasichana wa leo ninawaacha nyuma wanapumua sawa mbuzi. Aimée, musichana wangu, amepata diplome yake ya sekondari na asilimia makumi saba na mbili. Mukubwa wa masomo alisimama mbele ya wazazi wote, akasema kama mutoto huyu hakuna mwenzake mu kilasi, na watu wakageuka kuniangalia mimi.

Nimeanza kuvimba kichwa tena, acha nirudi chini.

Utajiuliza kwa nini yaya wako, dada yako mukubwa, anakuandikia ku karatasi wakati telefone iko. Odio zangu zote, zile ujumbe za sauti, tangu mwezi wa saba umezifungua na hukujibu. Sikulaumu. Tena odio iko na ubaya wake: nikianza kusema, sauti yangu inapenda kujipamba, inacheka fasi haifai kucheka, na mwisho wa maneno unakuta nimejisifu mimi mwenyewe. Karatasi inaniangalia tu. Nimeshapasua mbili, hii ni ya tatu.

Nataka kukuambia habari ya ule mutumbwi. Najua unaijua, kwa sababu ndio huo njo ulikuvunja mukono. Lakini unaijua nusu, na nusu ingine nimeificha mimi.

Unakumbuka namna ilianza. Mwaka uliopita, mwisho mwisho, uliniambia kama kazi ya garaji pale Tanga mujini imeanza kukuchosha, na unataka kupata chombo chako cha kuvulia samaki, pale ku kijiji cha bibi yako upande wa Pangani, kusudi ukiacha magari usikae bure. Ukasema hujui uchague chombo gani, kwa maana wewe ni mutu wa spana na mafuta, na maji ya huko bado hujayazoea. Uliuliza tu. Hukuomba mutu atumwe.

Ni mimi njo nilisema namutuma Firmin. Nilisema: mutoto wangu ni fundi, baba yake marehemu Mushagalusa alimufundisha tangu akiwa na miaka kumi, mitumbwi yake inavuka mpaka kisiwa cha Idjwi na kurudi na mizigo mpaka juu, na haijaingiza maji hata ya kunawa uso. Hiyo yote ilikuwa kweli. Kisha nikaongeza ile ambayo haikuwa kweli, nikasema mutu wa ziwa Kivu hafundishwi mambo ya mutumbwi na mutu yeyote.

Mu shirika letu la kusali nilitangaza kama Firmin ameitwa na Watanzania kwenda kufundisha watu wa bahari kutengeneza mitumbwi. Maman Ghislaine, jirani yangu, akaniuliza, "Wale watu wa bahari walikuwa wanavuka na nini mpaka leo, na makarai?" Wamama wakacheka. Mimi nikamujibu atangoja kuona foto. Tangu siku ile, Adalbert, ule mutumbwi haukuwa tena wako. Ulikuwa wangu, wa kumuonyesha Maman Ghislaine.

Basi Firmin akaenda mu mwezi wa nne, na randa yake, na musumeno wa baba yake amefunga mu gunia. Wewe ulikuwa Tanga ku kazi, ukifika kijijini mwisho wa mwezi tu. Yeye akakaa kwa Mwanahawa.

Huyo mulamu wangu, leo namutaja kwa heshima, alimuonyesha maji siku ya kwanza. Firmin alinielezea mu telefone, alikuwa anacheka kwa kushangaa. "Maman, huku maji inatoka. Haishuki kidogo sawa ziwa wakati wa jua, hapana. Inaenda kabisa, mara mbili ku siku, wamama wanatembea ndani kwa miguu wakilima majani yao ya baharini. Kisha inarudi." Akasema Mwanahawa amemupeleka mpaka ku miti yake ya kufungia mwani, mbali na nchi kavu, akamuambia: "Mwanangu, pale unaposimama, saa sita zijazo maji yatakupita kichwa. Sasa chombo chako ukikiacha hapa, kitakaa vipi?"

Firmin akaniuliza mimi swali lilelile. Mutumbwi wetu wa ziwa uko na mgongo mrefu chini, ule mti tunauita kili, njo unausaidia kukata mawimbi na kwenda mustari. Mwanahawa aliuita mkuku. Alisema mkuku wa namna ile maji yakitoka hauna pa kukaa, chombo kitalala ubavu, na maji yakirudi yatakikuta kimelala mdomo wazi. Alisema wachague ngalawa, iliyo na miti miwili ya pembeni ya kuishika isipinduke, au dau la tumbo bapa linalokaa chini sawa sahani. Na wasichague kitu kabla mutoto hajaona bamvua moja. Bamvua, Firmin alinifasiria, ni zile siku mwezi ukijaa au ukiandama, maji inajaa kupita kiasi na inatoka kupita kiasi.

Unajua nilimujibu nini mutoto wangu? Nilimujibu, "Huyo anayelima majani, toka lini anafundisha fundi?"

Nisamehe, Mwanahawa, ikiwa Adalbert anakusomea hapa. Nilisema vile kuhusu wewe, mwanamuke unayeamuka na maji na kulala na maji. Mimi nauza sambaza miaka makumi tatu na sijawahi kuona ziwa limeenda fasi. Hapa ziwa unaliacha mangaribi pale, asubuhi unalikuta pale, kama halikuongezeka vidole viwili. Mume wangu alikuwa anafunga mutumbwi kamba mbili fupi, mbele na nyuma, karibu na mawe, umekazwa kabisa kusudi wimbi lisiugonge na mwizi asiufikie. Nilifikiri maji ni maji. Lakini kutojua si dhambi, na kama ingekuwa kutojua peke yake nisingepasua karatasi mbili.

Sasa nafika.

Tarehe nne ya mwezi wa tano ulinitumia odio. Wewe unajua uliituma. Nimeisikiliza tena jana, mara ngapi sijui, nimeijua kwa kichwa. Ulisema hivi: "Yaya, Mwanahawa ameniambia habari ya ule mkuku, na mimi naona ana haki. Mimi sijamwambia: Firmin ananiheshimu, kila kitu ananijibu ndiyo Tonton, lakini anangoja neno lako wewe, bila neno lako haachi kitu cha baba yake. Umwambie asimame. Mbao zikae. Angoje bamvua ipite, aone kwa macho yake, kisha tutachagua pamoja. Usiogope, hakuna aliyesema mtoto hajui kazi."

Siku ile ile, mangaribi, Firmin akapiga na telefone ya jirani. Mbao za kwanza zilikuwa zimeshapinda, mgongo umewekwa. Akaniuliza, nakumbuka sauti yake, alikuwa kama mutu anayetaka kuambiwa apumuzike: "Maman, Tonton Adalbert hajasema kitu juu ya mutumbwi?"

Nikasema, "Hapana. Tonton yako hajasema kitu. Endelea sawa baba yako alikufundisha, usituletee haya."

Adalbert, sikusahau kumuambia. Telefone haikukosa moto wa betri. Nilikuwa na sauti yako mu mukono wa kuume na sauti yake mu sikio la kushoto, na nikaziweka mbali mimi mwenyewe, kwa maana nilikuwa nimeshawaahidi wamama wa shirika foto ya mutumbwi wa Kivu ku bahari. Niliona sura ya Maman Ghislaine akisikia kama fundi wangu amesimamishwa na mulimaji wa majani. Njo hiyo tu. Hakuna sababu ingine kubwa. Nimeitafuta, kusudi nikuandikie angalau sababu kubwa, sikuipata.

Kisha ule mutumbwi ukashuka mu maji katikati ya mwezi wa tano, wakati mwezi uko nusu. Firmin ananielezea sasa kama siku zile wanaziita maji mafu, bahari haitembei sana, inatoka kidogo na kurudi kidogo, inafanana na ziwa. Mutumbwi ukaelea vizuri. Wanaume wa kijiji wakausifu rangi. Firmin akaufunga karibu na mawe, kamba mbili fupi, akakaza. Siku moja, siku mbili, siku ine, hakuna neno. Nilipata foto yangu. Niliipeleka ku shirika, nikaipitisha mukono kwa mukono, na Maman Ghislaine akasema, "Kweli ni muzuri," na mimi nikalala siku ile sawa mutu aliyeshiba nyama.

Halafu mwezi ukajaa, na wewe ulikuwa umepewa likizo, ukafika. Ya pale si mimi wa kukuelezea. Mutumbwi ulilala ubavu juu ya mawe, mgongo wake mrefu juu, kama Mwanahawa alivyosema, na maji yakarudi yakaingia mdomoni kabla haujasimama. Mulikimbia kuusimamisha, wewe na Firmin. Kama ungekuwa mutu wa kuogopa ungeuacha, lakini ulijua mutoto ameutengeneza kwa mikono yake na hukutaka upotee mbele ya macho yake. Ukajaa maji, ukageuka na uzito wake wote, na mukono wako ulikuwa kati ya ubao na jiwe.

Vidole vile viwili visivyokunjika tena nimeviona mu foto Mwanahawa alituma. Mutu wa spana. Mimi njo nilikulea na kukufunga kamba za viatu, na vidole vile nilikuwa naviosha.

Na bado haijaisha. Ulipokuwa ku hospitali ulinipigia, ukaniuliza swali moja tu: "Yaya, ulimwambia?"

Nikakujibu, "Nilimuambia. Hakusikia."

Soma tena mustari ule, nimeuandika pole pole kusudi usomeke. Nilikupa mutoto wangu. Nilimuchukua nikamuweka fasi yangu. Ulikatala asiingie kukuona, ukamutumia neno kupitia Mwanahawa kama asikanyage tena kwako, na yeye akafunga musumeno wake mu gunia akarudi, siku tatu mu bus, bila kujua ni kosa gani hasa umemukasirikia, akifikiri ni mutumbwi tu. Kama mungeonana dakika tano, angekuuliza, neno gani, Tonton? Mungejua wote wawili siku ileile. Na mimi, wakati nilisikia hamukuonana, nilimushukuru Mungu. Nimesali rozari kwa kushukuru kwamba mudogo wangu na mutoto wangu hawasemezani. Nimeungama mambo mingi mu maisha yangu, padri hata amezoea kusinzia, lakini ile sijaweza kuisema mpaka leo.

Tangu pale umewaambia watu wa familia, huku Bukavu na kule Lwiro kwa ndugu za baba, kama Firmin ni kichwa ngumu, ameambiwa na hakusikia. Wewe hukusema uongo. Ulirudilia uongo wangu. Mutu wa Idjwi aliyekuwa amemuomba mutumbwi alisikia, akaenda kwa fundi mwingine. Sasa Firmin anabeba muchanga ku bandari ndogo, kwa gunia, ku mugongo, yeye ambaye baba yake alimuachia zana zote za kazi. Maman Ghislaine akimuona anapita anamuita, "Injenieri wa bahari, habari ya Tanzania?" Yeye anamujibu, "Iko palepale, Maman Ghislaine, maji inatoka na kurudi," na wanacheka wote wawili, na mimi naingia mu nyumba. Mbele yangu hajalalamika hata siku moja. Hajanisemea kama, Maman, wewe njo ulinisukuma. Ananiletea sabuni mwisho wa wiki.

Jumanne iliyopita nilikuwa nafua nguo zake, nikakuta daftari mu gunia la musumeno, daftari ya shule ya kurasa makumi tisa na sita. Unajua masomo yangu ni ya primaire, lakini mwandiko wa mutoto wangu naweza kuusoma. Alikuwa anaandika maji. Kila siku aliyokaa kwako aliandika: asubuhi maji iko ku mti wa tatu wa Mwanahawa, saa sita iko chini, naona mchanga mpaka ku mti wa saba, mangaribi imerudi. Amechora mutumbwi wetu umesimama, kisha umelala, na mishale ya kuonyesha maji itaingia wapi. Adalbert, alichora ule mutumbwi umelala zaidi ya wiki mbili kabla haujalala. Alikuwa ameshajua. Na chini ya ile picha, tarehe nne ya mwezi wa tano, ameandika: "Nimeuliza Maman. Tonton hakusema kitu. Tuendelee."

Nilikaa chini na maji ya sabuni mu mikono. Njo pale nilianza kuandika barua hii, mu kichwa kwanza.

Sasa sikia, kuna jambo ambalo haliwezi kungoja hasira yako iishe. Mwanahawa aliniambia wiki iliyopita kama garaji wamekuacha kwa sababu ya mukono, na sasa kuvua si ya kujifurahisha tena, njo itakuwa chakula. Akasema mwisho wa mwezi huu unachagua chombo, na kuna mutu anakuuzia mashua iliyotumika, ndefu, ya mbio, na mgongo mrefu chini, na wewe umeipenda. Akikuambia kitu unamujibu, "Sitaki tena ushauri wa mtu, ushauri ulinikata mkono."

Mudogo wangu, ushauri uliokukata mukono ulikuwa wangu. Wa Mwanahawa haujakukata kitu. Ulikuwa wa kweli tangu siku ya kwanza, na mutu wa pekee aliyeukatala ni mimi, nikiwa mbali, juu ya kilima, bila kulowa hata kidole. Usimuazibu yeye kwa kosa la yaya wako. Usinunue ile mashua kwa kisirani.

Firmin ameandika mwishoni mwa daftari mambo anayosema angetazama, kama angepewa nafasi ya kuanza tena. Sikumuomba ruhusa ya kuyanakili, nisamehewe na hiyo. Anasema kwanza mutu atazame fasi chombo kitalala, sio fasi kitatembea, kwa maana kutembea ni saa chache na kulala ni kila siku. Pale kwenu mbele ya nyumba ni mawe na mchanga, hakuna mufereji wa maji ya kina karibu, basi chombo cha mgongo mrefu hakina kitanda. Anasema tumbo liwe bapa, likae chini bila kuegemea. Ikiwa ni ngalawa, ile miti ya pembeni iwe minene ya kuishikilia ikikaa, na watu wawili waweze kuisukuma bila kuita kijiji. Anasema kamba iwe ndefu, ndefu kupita ile unafikiri inatosha, chombo kipande na kushuka na maji. Anasema kisinunuliwe wakati wa maji mafu, maana wakati ule kila chombo ni kizuri. Kipelekwe siku ya bamvua, kiachwe palepale maji yatoke yote, na munuzi akae aangalie kinalala namna gani na kinaamuka namna gani. Muuzaji akikatala hiyo, munuzi aende nyumbani.

Na mustari wa mwisho kabisa ameandika: "Kama Tonton mukono wa kushoto haushiki vizuri, tanga liwe dogo na kamba yake ipite upande wa kuume." Hiyo aliandika hapa Bukavu, baada ya kufukuzwa. Anakutengenezea chombo mu kichwa, wakati wewe hutaki kusikia jina lake.

Sikuombi unisamehe mimi. Huo musamaha nitauomba siku ingine, nikiwa na macho ya kukuangalia. Nakuomba moja: lile neno ulilolisema juu ya Firmin, ulirudishe. Uwaambie ndugu wa Lwiro, na wa hapa, kama Firmin hakuambiwa, na aliuliza. Useme mama yake njo alisema uongo. Taja jina langu lote, usiniache pembeni kwa heshima ya ukubwa. Ya hapa mutaa mimi nitaisema. Alhamisi, siku ya ine, tunasali kwa Maman Virginie, na wamama wote wa shirika wanakuja. Nitasimama. Maman Ghislaine atacheka mpaka kikombe kimuanguke, na acha kianguke.

Usimutumie Firmin pole ya haraka mu telefone. Mupigie akiwa nje ya kazi, umuulize habari ya maji. Hiyo itatosha, ataelewa. Na ikiwa moyo wako unakubali, umuulize achague nawe. Mikono ya kushika randa iko naye bado, hata kama kwa sasa imejaa muchanga.

Uwasalimie watoto, kila mumoja kwa jina lake. Muambie Mwanahawa kama yaya wa bwana yake anamupigia magoti, na siku nitafika huko, kama nitaitwa, atanipeleka kwa miguu mpaka ku ile miti yake na nitamusikiliza bila kujibu. Aimée anakusalimia, Rosette mudogo wetu anakusalimia, na Papa Delphin wa jirani bado anauliza lini utarudi umalize kumutengenezea moto-pompe yake ya kuvuta maji. Mungu awape maji yanayoleta samaki na kurudisha watu, na mukono wako aupe nguvu ambayo mimi niliipoteza.

Barua hii siifungi. Papa Mardochée, mufanyabiashara wa nguo, anasafiri Dar es Salaam kesho, na yeye njo ataituma Tanga. Yuko Cimpunda, na mutu wa kuipeleka kwake ni Firmin, anapita kule asubuhi akienda ku kazi. Nitamupa mu mukono, iko wazi, nimuambie: soma kwanza, yote, kisha ufanye unavyotaka. Hajui bado ile odio yako ilikuwepo. Ataijua mu njia, kati ya hapa na Cimpunda. Mimi sitakuwepo, nitakuwa mu misa ya saa kumi na mbili, kwa maana sina sura ya kumuangalia akisoma.

Nikirudi sitamuuliza. Kama ameitupa mu muto Ruzizi, ni haki yake. Lakini ikiwa wewe unasoma haya, Adalbert, basi ujue mutoto wangu ameyasoma kabla yako, amejua mama yake alimufanyia nini, na bado ameibeba mpaka ikafika.

Ni mimi, yaya wako anayekupenda na haya yake yote,

Euphrasie M'Mushagalusa, mama yake Firmin